Kitunguu na Ufunguo

Las Cruces, Oktoba 9

Shikamoo Shangazi Ofelia,

Pilipili tumeshachoma, na nyumba nzima bado inapiga chafya. Mbwa amezaa watano. Sasa niseme lililonifanya niandike.

Unajua mdogo wangu Eze haongei. Mama humshikia ubao wa herufi hewani, naye anagusa kwa penseli, herufi moja moja. Siku hizi Mama anasema Eze anasoma mawazo ya watu. Baba anasema ni mkono wa Mama unaosogeza ubao. Wanagombana kila mlo.

Jumapili nikawajaribu. Eze nilimwonyesha picha ya kitunguu, Mama nikamwonyesha ya ufunguo, bila kuwaambia kwamba zinatofautiana. Nikamwomba Eze ataje picha yake. Mama akashika ubao, naye Eze akaandika: ufunguo.

Nikamweleza Mama nilichofanya. Akapiga makofi, akamgeukia Baba. "Umeona, mbishi wee? Kaisoma kichwani mwangu!"

Baba akacheka. "Au umeiandika wewe, mama watoto."

Jaribio moja, Shangazi, na wote wawili wanadai wameshinda!

Ninalolificha ni hili. Wiki iliyopita ubao uliniambia: "Dada, usilie tena bafuni." Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nalia. Kama ni Eze aliyesema, basi nimemlipa kwa kumtega. Kama ni Mama, basi amekuwa akinisikia nje ya mlango, na ameshindwa kuniambia kwa kinywa chake mwenyewe.

Nataka kumkumbatia aliyesema. Sijui ni nani.

Mpwa wako, kichwa kikimzunguka,
Marisela