Saa ya Ndani

6 Machi 2023

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Uliniambia niitupe kompyuta yangu kuukuu, nami nikakasirika, nikaona afadhali ninyamaze kuliko kukuandikia maneno ambayo ningeyajutia. Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kulia limezidi kuwa zito. Ndiyo maana sikupigii simu. Mama yako hajambo, magoti humsumbua asubuhi tu. Nawe je? Unakula, au bado unashindia chai na biskuti mezani pa kazi?

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta imekufa. Usicheke. Barua hii naiandika kwa mkono, na mwenye duka la kuchapisha ataipiga picha na kukutumia.

Kampuni yenye maghala nyuma ya mtaa wetu imefungua shauri mbele ya baraza la ardhi. Inadai kwamba nyumba thelathini na moja za upande wa kaskazini zimo ndani ya eneo lake. Nyumba ya mama yako ni ya tatu kutoka mwisho. Kampuni ilipewa eneo hilo mwaka 2009. Mimi nilikuwa mpima ardhi wa serikali, na mpaka ule niliupima mwaka 2007. Mpaka uliopimwa kabla ya kampuni kupewa ardhi unasimama. Uliopimwa baadaye ni maneno matupu.

Ofisini wanasema ramani yangu hawaioni. Walipohama jengo vitu vingi vilipotea. Nakala iliyobaki imo ndani ya kompyuta iliyokufa, na programu yake ya ramani haifunguki kwenye kompyuta za siku hizi. Nimejaribu tatu. Shauri litasikilizwa Aprili.

Wewe ndiye fundi katika ukoo. Nakusikiliza.

Mjomba wako

*

9 Machi 2023

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima kabisa, na nakula, mwambie Mama aache kunisingizia. Hasira zako nilishazisahau. Nilijua tu ukipatwa na shida ya kompyuta utanikumbuka!

Usiguse kitu. Mwambie fundi wa pale mtaani aitoe diski, aifunge vizuri kwenye sponji, unitumie kwa kifurushi. Kompyuta ikifa haina maana diski imekufa.

Nitakununulia kompyuta mpya, halafu ndani yake nitakutengenezea mashine pepe. Usikunje uso, nakuona kutoka huku. Ni hivi: ndani ya kompyuta mpya nitaweka kompyuta nyingine isiyoshikika, ambayo tabia zake zote ni za ile ya zamani. Ukiibonyeza, dirisha litafunguka, na ndani ya dirisha utaikuta kompyuta yako kama ulivyoizoea. Programu ya ramani itadhani iko nyumbani kwake.

Usilale na wasiwasi, Mjomba Rula. (Mtaani bado wanakuita Rula?)

Mpwa wako

*

27 Machi 2023

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo.

Kifurushi kimefika. Nimefuata maagizo yako moja baada ya jingine, na dirisha limefunguka. Nilipoiona rangi ile ya kijani na alama yangu ya kampasi pembeni, nilivua miwani nikaifuta, kisha nikaivaa tena. Mama yako ameniuliza kama nalia. Nimemwambia ni vumbi.

Katika karatasi yako umeandika kwamba "nimeidanganya programu kidogo ili ikubali kufunguka". Neno hilo sikulipenda, lakini nimelipuuza kwa kuwa kazi imefanyika.

Hata hivyo kuna jambo limeninyima raha. Miaka yote hii nilikuwa nikiapa kwamba ramani ile niliimaliza. Sikuimaliza. Upande wa kusini, magharibi na mashariki umo. Wa kaskazini, wenye nyumba zetu, uko wazi. Mistari miwili inaishia hewani. Nimelitoa daftari langu la vipimo, na vipimo vya kaskazini vimo vyote, ukurasa wa arubaini na sita, kwa penseli. Chini yake nimeandika: "Nimeitwa nyumbani. Shemeji amefariki." Siku ile baba yako alipoanguka kazini, niliondoka uwandani nikakiacha chombo cha kupimia kimesimama kwa miguu yake mitatu. Baada ya msiba nilihamishiwa kituo kingine. Vipimo sikuviingiza. Sasa naelewa kwa nini ofisini hawaioni ramani.

Nifanye nini?

Mjomba wako

*

28 Machi 2023

Shikamoo Mjomba. Mimi mzima huku.

Kwa nini usiviingize sasa? Vipimo ni vyako, daftari ni lako, programu inafanya kazi. Andika tarakimu, funga umbo, bonyeza Hifadhi. Dakika ishirini. Nina kazi nyingi wiki hii, samahani kwa ufupi.

Mpwa wako

*

21 Aprili 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa watu wenye furaha. Nakuandikia mara baada ya kurudi kutoka barazani.

Mwenyekiti wa mtaa aliiwasilisha ramani kwenye flashi, pamoja na nakala ya karatasi. Kampuni ilikuja na mtaalamu wao, kijana mwenye tai nyembamba. Akaifungua faili kwa kompyuta yake, akasoma mambo yaliyojiandika ndani yake, akasogeza uso karibu na kioo. Mwanamke anayeongoza baraza akamuuliza, "Mtaalamu, umepotelea wapi?" Akajibu, "Mheshimiwa, faili hii mara ya mwisho ilihifadhiwa tarehe 1 Juni 2007." Watu wakapiga makofi mpaka askari wa mlangoni akawakanya. Mwenyekiti wa mtaa alinishika bega, akasema, "Leo Rula amenyoosha mstari!"

Tarehe hiyo ilinishangaza kidogo, maana nilidhani mwezi Juni nilikuwa nimekwishahama. Lakini kompyuta haisahau. Mimi ndiye ninayesahau.

Wamesema tarehe 4 Mei watafunga shauri. Mama yako ameanza kuzungumzia kupaka rangi ukuta wa mbele. Ahsante, mwanangu.

Mjomba wako

*

21 Aprili 2023, jioni

Mjomba, shikamoo. Naomba uketi kabla ya kusoma.

Ile tarehe si ya kweli. Nimeiweka mimi.

Leseni ya programu yako ilikwisha mwisho wa mwaka 2007. Ikiona mwaka 2023 inakataa kufunguka. Kwa hiyo nilirudisha nyuma saa ya ndani ya mashine pepe. Kila ukiiwasha, inaanza upya tarehe 1 Juni 2007. Saa ya kompyuta yenyewe iko sawa. Ya ndani ya dirisha ndiyo ya uongo. Ulipobonyeza Hifadhi mwezi uliopita, faili ilipigwa muhuri wa miaka kumi na sita nyuma. Sikukueleza kwa sababu niliona utanikaripia, na kwa sababu sikudhani kuna mtu ataisoma tarehe. Ni kosa langu. Si lako.

Ila nisikilize, Mjomba. Vipimo si vya kweli? Ni vya kweli. Hukuwapimia watu wa mtaa 2007? Uliwapimia. Tarehe imekosea kwa wiki chache tu ukilinganisha na siku uliyopima. Hakuna aliyeibiwa hata hatua moja ya ardhi. Nakuomba unyamaze. Wiki mbili tu.

Mpwa wako

*

26 Aprili 2023

Mjomba,

Siku tano hujajibu. Nimempigia Mama. Anasema unakaa sebuleni na daftari magotini, humsemeshi mtu, na chakula unakisogeza pembeni. Ameniuliza, "Mmegombana tena na mjomba wako?" Nimemwambia hapana. Sijamwambia kitu.

Ukisimama pale ukasema, kampuni itasema ramani nzima ni ya kughushi. Hata kusini. Watu wa nyumba thelathini na moja watatoka na magodoro yao barabarani kwa sababu ya saa niliyoigeuza mimi nikinywa chai. Mama ana miaka sitini na minne. Atahamia wapi? Kwangu chumba ni kimoja.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Mpwa wako

*

29 Aprili 2023

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili haujambo.

Sikutukani. Siku hizi zote nilikuwa nikijaribu kuandika sentensi moja ambayo ingeniruhusu kunyamaza, na kila niliyoiandika nilipoisoma mara ya pili ilikuwa na uongo ndani yake. Unasema vipimo ni vya kweli. Ndiyo. Lakini baraza halikuamini vipimo. Liliamini tarehe.

Tena tarehe 1 Juni 2007 nilikuwa kwenye kituo changu kipya, na jina langu limo katika kitabu cha mahudhurio cha huko. Siku yoyote mtu akikifunua, nyumba zitaanguka baada ya kupakwa rangi. Hata hivyo nisingependa udhani ninakwenda kwa sababu ya hofu hiyo. Ningekwenda hata kama kitabu kile kimeliwa na mchwa.

Ninalotaka kwako ni mambo mawili. Kwanza, nakala ya diski kama ilivyokuwa kabla sijaigusa, yenye ramani isiyokamilika na tarehe zake halisi. Pili, cheti cha kifo cha baba yako. Ulikichukua ulipoomba nafasi ya chuo. Ukurasa wangu wa arubaini na sita hauna tarehe. Mimi, niliyewagombeza wasaidizi wangu wote kwa kusahau tarehe, siku ile nilisahau. Lakini nimeandika kwamba shemeji amefariki, na serikali inajua ni siku gani.

Mama yako nitamwambia mwenyewe.

Mjomba wako

*

30 Aprili 2023

Mjomba,

Nimevituma vyote viwili kwa basi la asubuhi, cheti kimo kwenye bahasha ya kahawia. Tarehe 14 Mei 2007. Nimekitazama kwa muda mrefu kabla ya kukifunga.

Sikubaliani nawe. Nataka ujue hivyo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine niliyoiandika na kuitia sahihi, inayoeleza nilivyoigeuza saa, kwa nini, na siku gani. Ukisimama, usisimame kama aliyetenda wewe.

Mpwa wako

*

5 Mei 2023

Mpwa wangu,

Salamu. Naandika tena kwa mkono, na mwenye duka ataipiga picha, kwa sababu kompyuta imebaki barazani kama kielelezo.

Nilisimama kabla ya mtu mwingine kupewa nafasi. Niliomba meza, nikaiwasha kompyuta mbele yao, nikalifungua dirisha la mashine pepe. Nikamwomba anayeongoza baraza asome saa mbili zilizokuwa kwenye kioo kimoja. Ya nje ilisema 4 Mei 2023. Ya ndani ilisema 1 Juni 2007. Akazisoma kwa sauti, kisha akazisoma tena. Nikasema, "Upande wa kaskazini niliuchora mwezi Machi mwaka huu. Tarehe mliyopewa ni ya uongo, nami sikuijua nilipoileta."

Wakili wa kampuni akaruka: "Kwa hiyo mzee unakiri kughushi!"

Nikamjibu, "Ningeghushi, leo ningekuwa nyumbani nimelala."

Mama anayeongoza baraza akauliza, "Mzee, nani amekulazimisha kuyasema haya? Shauri lilikuwa limekuelekea."

"Hakuna, Mheshimiwa. Hata mpwa wangu amenikataza."

Kisha nikatoa daftari, diski, cheti na karatasi yako. Aliusoma ukurasa wa arubaini na sita akikaribia dirishani apate mwanga, akaweka cheti cha baba yako pembeni yake. Wakili alisema penseli inaweza kuandikwa siku yoyote. Yule kijana wa tai nyembamba, wa upande wao wenyewe, aliinua mkono akasema kwamba ramani isiyokamilika kwenye diski ya zamani inaonekana kuwa ya 2007 kweli, na kwamba mistari yake miwili inayoishia hewani inaelekea palepale daftari linaposema. Wakili alimtazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Nje, mwenyekiti wa mtaa hakunishika bega. Alisema, "Rula, umetubomolea nyumba kwa mdomo wako," akaenda zake. Wengine walinipita kama nguzo ya umeme.

Mama yako nilikuwa nimemwambia usiku wa kuamkia jana, naye akaenda kulala. Tulipokuwa tukirudi ndipo aliposema, "Kaka, nyumba ni yangu. Ungeniuliza kwanza." Kweli, mpwa wangu. Ana haki. Tukatembea mpaka kwenye kona ya duka la sabuni, akasimama apumzishe magoti, akaniomba daftari. Nikamkumbusha kwamba wamelichukua. Akasema, "Lile neno umeliandika vizuri? Shemeji?" Nikamwambia nililiandika vizuri. Akanishika mkono tukavuka barabara.

Baraza limeahirisha shauri. Litakwenda kwanza kuyatafuta mawe ya mpaka ya upande wa kaskazini. Nilichimbia mawe sita nilipopima, nami najua yalipo, ila tangu wakati huo kampuni imemwaga vifusi juu yake. Siku ya uamuzi hawakuitaja. Nitakapoujua, uwe wa kubaki au wa kuhama, nitakuandikia siku hiyohiyo, na tarehe utakayoiona juu ya barua itakuwa ya siku hiyo.

Mjomba wako