Disiki Iko Muzuri

Baba Mapendo,

Mboga ya sombe iko mu safuria, pasha tu moto. Samaki ndakala nimeanika nyuma ya nyumba, mvua ikija uziingize. Mapendo asiende ku masomo bila kunywa chai.

Miye naenda Makobola kwa dada yangu. Nitarudi ~~leo jioni~~ nikitulia.

Asubuhi ulisema nanuna juu ya kitu kidogo. Ni kidogo kweli, ndiyo maana tulikinunua. Ziwa lilipoingia mu nyumba likalowesha albamu, weye mwenyewe ulisema tutie foto zote mu disiki, inaingia mu mufuko, siku ya kukimbia tunakimbia nayo. Tukatia na video ya ndoa, mama yangu akitubariki, kabla CD haijaharibika. Mama ni marehemu. Sauti yake ilikuwa mule tu.

Albamu ile nzito hakuna muntu aliyewahi kuja kuiazima. Disiki, watu wa korali waliiomba ya kutia nyimbo zao, ukawapa bila kuniuliza, kwa sababu weye huwezi kunyima watu wa kanisa. Mashini yao ikauliza kama ifute vyote. Wakakubali.

Na weye ukanirudishia ukicheka: "Haikuharibika, iko muzuri."

Iko muzuri, ndiyo. Nimekuachia hapa karibu na chumvi.

Mu albamu iliyolowa, sura ya mama imebaki nusu. Hiyo nusu nimeenda nayo.

Mama Mapendo