Jino Moja la Difu

Mama Zuhura,

Mwanao amenipangia mito mgongoni ili niweze kuandika. Univumilie mwandiko. Daktari amezungumza nami kwa upole mno, na mtu akisemeshwa kwa upole wa namna ile huwa ameshajua siku zake ni chache. Lipo neno ambalo sikuwahi kukwambia. Ili nilifikie, lazima nianzie kwenye pikapu yako, maana ilibaki kidogo tu iuzwe.

Tulipomaliza arobaini yako, Zuhura alichukua funguo pale msumarini ulipokuwa ukizitundika, akaenda Maramba kufuata machungwa. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Mambo yakaenda, mpaka difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya matairi, ilipoanza kulia, kisha ikasaga meno. Fundi akaleta nyingine, kaitoa kwenye gari lililokufa. Kwa nje ilikuwa ile ile, na kila boliti ikaingia tunduni mwake. Sote tukasema alhamdulillahi.

Tangu hapo pikapu haikuwa ile. Ikawa inahema mlimani. Masika yalipoingia, Zuhura akatia fo-wili, matairi yote manne yasukume, kwenye tope la kule bondeni, na gari likakakamaa. Mbele kunataka hivi, nyuma kunataka vile, kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja na kila mmoja ana mwendo wake. Machungwa ya watu yakaharibika njiani. Alirudi na tope mpaka kwenye mtandio, akakaa kizingitini. "Baba, gari limechoka. Nalipeleka kwa watu wa vyuma chakavu."

Nilikukumbuka wewe, mwaka ule ulipochoka kukwama. Uling'oa matairi ya inchi ishirini na nane ukavalisha ya thelathini na moja. Tope likakoma kushika tumbo la gari, lakini nguvu nazo zikaondoka, na mshale wa mwendo ukawa mwongo, gari linakwenda kasi kuliko unavyosema. Ukanijia jikoni. "Mwalimu, gari langu limevaa viatu vya kaka yake."

Nikacheka, kisha nikatafuta karatasi. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, basi injini hubeba mzigo mzito zaidi, na shafti, ule mhimili wa kutoka giaboksi hadi difu, lazima ipewe mizunguko zaidi ili kulisukuma. Ndani ya difu yako gia ndogo ilikuwa na meno kumi, na ile kubwa inayosukumwa nayo ilikuwa na arobaini na moja. Hesabu ikatoka kwamba kubwa ibaki vile vile, ndogo iwe na meno tisa.

Ulilitazama lile jibu kwa muda. "Yaani mpira wote ule nilioongeza unalipwa na jino moja?"

Nikasema ndiyo, karibu kabisa.

Ukapitisha kidole juu ya ile tisa. Kisha ukasema "Subhanallah," taratibu, kama mtu aliyeona mwezi mwandamo. Ukaenda kubadilisha difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zifanane.

Basi nikamwambia Zuhura, kabla hujauza, nipe chaki. "Baba, gari halijui hesabu," akasema. Nikamjibu linajua kuliko wanafunzi wangu wengi. Wakanibeba na kiti changu mpaka uani. Fundi akainua tairi moja la nyuma kwa jeki, la pili likabaki limekanyaga chini. Tukatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye shafti, gia ikiwa huru. Zuhura akalizungusha tairi mara mbili kamili, fundi akihesabu shafti: nne na kitu kidogo. Wakahamia mbele, wakafanya vivyo hivyo: nne na nusu na chembe.

"Nyuma meno kumi, mbele tisa," nikasema.

Fundi akajishika kiuno. "Shikamoo tena, mzee wangu." Tukacheka sote, maana alikwisha kuniamkia alipoingia.

Kisha Zuhura akauliza kwa nini tairi mara mbili, kwa nini isiwe mara moja. Nikaanza kumweleza. Ndani ya difu kuna gia nyingine ndogo zinazougawa mzunguko baina ya matairi mawili. Kwenye kona, la nje lina njia ndefu na la ndani lina njia fupi, na kila moja hupewa haki yake bila kumburuta mwenzake. Na moja likisimama kabisa, mzunguko wake haupotei. Unahamia kwa mwenzake, naye huzunguka mara mbili.

Nililiandika jambo hilo ubaoni miaka mingi. Siku ile nilikuwa nimekaa, miguu yangu haina kazi tena, na mwanetu analizungusha tairi lako kwa mikono ambayo ni mikono yako. Sikuweza kuendelea. Zuhura alidhani nimechoka, akaniletea maji.

Difu ya meno tisa ilipatikana. Jumamosi iliyofuata walinipakia kiti cha mbele, wakanifunga mkanda kama mtoto. Tulipotoka mashambani mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na nyuma machungwa yamejaa mpaka kwenye kingo. Kwenye kile kilima cha njia ya Maramba Zuhura akatia fo-wili, akauma ncha ya ulimi kama wewe. Pikapu haikuharakisha. Ilipanda tu, matairi yote manne kwa sauti moja, mpaka juu. Pale juu akazima, akafuta uso kwa mtandio. "Siuzi," akasema.

Sasa neno langu. Kila Jumamosi nilipanda nawe nikidai nina shughuli Maramba, mara mwalimu mkuu ananiita, mara kuna madaftari ya kusahihisha. Sikuwa na shughuli yoyote Maramba, Mwanahamisi. Hata siku moja. Nilikuwa nakuja kukutazama ukipanda kile kilima. Mtu mzima, mwalimu, nimepakata mkoba mtupu, na moyo unanidunda kwa kustaajabia mkono wako juu ya gia. Nyumbani sikupata maneno ya kulisema hilo. Nilikuwa na maneno ya hesabu tu.

Pengine ulijua. Kuna siku uliunyanyua ule mkoba ili ukae, ukaupima mkononi. "Mwalimu, leo madaftari yako mepesi." Ukawasha gari.

Umelala Tongoni kwenu, na nimeomba nipelekwe huko huko, kwa pikapu hiyo, si kwa gari jingine. Zuhura alinigombeza kwanza, kisha akakubali. Pumzika, mke wangu, Mola akurehemu. Nakuahidi jambo moja: safari hii sibebi mkoba. Ukiniuliza nimefuata nini, nitasema nimekufuata wewe.

Mwalimu wako