Chenga za Mwalimu wa Parklands

Mjukuu wangu Nekesa,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi hapa Kangemi tuko salama. Goti langu limetulia, na jana mama yako alileta mchele wenye chenga tupu, tukaula hivyo hivyo.

Unaniuliza uchague lipi: hesabu za mwanzo wa ulimwengu, au kuunda antena za kuusikiliza. Unaogopa ukishika lehemu watakuita fundi tu. Ala! Na mimi nilikuwa nani?

Enzi zangu za kutengeneza televisheni, mwalimu wa fizikia kutoka Parklands aliniletea yake. Kioo kizima kilijaa chenga, zile nukta nyeupe zinazochezacheza stesheni ikipotea. Nikanyoosha mkono kuizima.

"Mama, ngoja! Chache kati ya hizo zimetoka mwanzo wa ulimwengu; antena inanasa mawimbi yaliyobaki tangu wakati ule."

Nilikasirika. Miaka yote nafukuza chenga, kumbe nafukuza wageni wa heshima? Nikamuuliza, "Ni zipi?"

Akajibu, "Hesabu inasema zimo. Kuzitenga ndiko kunataka fundi."

Papo hapo akaomba nimfundishe kulehemu, akashika chuma upande wa moto. Tulicheka sana, yeye akipuliza vidole.

Tangu siku ile, jina la fundi halijanipunguza hata kidogo. Wewe shika hesabu kwa mkono mmoja na chuma kwa mwingine, ila ushike mpini.

Na siku ukizitenga chenga zile, niandikie ni zipi. Jibu hilo nimelingoja muda mrefu.

Nyanya yako, fundi