Ukasha, Usiguse Swichi

Ukasha,

Ni masika ya mwaka 2024, na radi ingali inanguruma. Usiguse swichi ya mtandao. ~~Chomoa nyaya zote.~~ La, usichomoe hata mmoja hadi mawingu yapite.

Ule waya ulioutoa kwenye swichi hadi kompyuta ya dukani uliufunga juu ya waya wa kuanikia nguo. Mtaalamu mzima! Asubuhi radi ilipiga mnazi wa uani. Dada yako Mwantum, aliyekuwa akianua kanga, akarushwa chini. Anapumua, lakini mkono wake hausikii kitu. Ninaogopa, mjukuu wangu. Tumekwenda hospitali, Kibiti.

Jirani yetu Somoe aliacha wali wake ukaungua ili anisaidie kumbeba. Wali wetu nimempa yeye. Wewe chemsha mihogo.

Bibi yako