Nani Atamnyoa Mtoto wa Hadija

Basi amefika kweli, Mwanahawa mdogo wangu. Jana mchana, na begi lake, na mfuko wa dagaa wa Nyasa unaonuka mpaka barabarani. Hadija akamrukia shingoni pale mlangoni kama mtoto wa darasa la kwanza, na uzazi wenyewe hata wiki haujamaliza. Ni yule yule, matroni Teodora, aliyekuwa bweni la wasichana pale shuleni Lushoto. Kastaafu, karudi kwao Songea, nikasema tumepona. Hatujapona.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Goti lako vipi? Kikohozi cha shemeji kimeachia? Yule ng'ombe mwekundu kazaa, au bado mnamwangalia tu? Mimi mzima, ila joto la huku Dar kwa Hadija, mdogo wangu, mtu unaamka umelowa kama umenyeshewa shambani Mlola. Sikupigi simu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na huku Hadija ana masikio. Anayeniandikia ni mama fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha uani. Ni Mpare, mtani wetu sisi Wasambaa, anaandika herufi ndogondogo ili karatasi isiishe. Anacheka. Andika kwamba unacheka.

Sasa sikiliza. Leo mtoto katimiza siku saba, ananyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Kwetu nani ananyoa? Bibi. Mimi ndiye niliyewanyoa wajukuu wako wote, na hakuna aliyekatwa. Lakini asubuhi Hadija ananiambia, "Mama, nataka matroni ndiye amnyoe."

Nikamwuliza, "Na mimi nimekufa?"

"Mama, mkono wako unatetemeka."

"Umeanza kutetemeka leo? Wiki nzima mtoto kaogeshwa na nani?"

"Matroni kanyoa vichwa vya bweni zima, mama."

"Na chako alikinyoa," nikasema. "Sijasahau."

Anajua mwenyewe. Na wewe unajua kidogo, lakini hukuwepo, ngoja nikuambie yote. Hadija yuko kidato cha pili, mapunye yakamshika kichwani. Mimi niko sokoni Mlola nauza kabichi, mwaka ule kabichi zilioza mpaka tukawapa ng'ombe, mama mmoja akaniambia, "Wa kwako kanyolewa upara na matroni, kapakwa dawa." Kanyolewa! Bila mimi kuulizwa! Na unajua sisi nywele za mtoto haziachwi mkononi mwa mtu baki. Mama mwenyewe anazizika kwenye shina la mgomba. Kabichi nikaziacha pale pale, nikapanda gari la Lushoto na matope ya shamba miguuni.

Kufika, nikamkuta anakoroga uji kwenye sufuria kubwa, maana wanafunzi wenye vidonda vya tumbo alikuwa anawapikia wao peke yao. Nani kamtuma? Sikumsalimu.

"Nywele za mwanangu ziko wapi?"

"Karibu, mama Hadija. Kaa kwanza, umetoka mbali."

"Sikuja kukaa."

Akafuta mikono, akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo la maziwa. Ndani vitambaa, kila kimoja kimefungwa fundo. Cha Hadija kina uzi wa bluu. Akasema, "Nimewawekea. Nilijua akina mama mtakuja. Hata mama yangu angekuja."

Nikafungua, nikanusa. Mafuta yangu ya nyonyo, niliyompa mwenyewe. Zilikuwa zake. Lakini, Mwanahawa, nikaziona chache! Hadija alikuwa na nywele nzito. Na jambo lingine: mtu asiyejua mambo si angezitupa chooni tu? Aliyeziweka anajua zina kazi. Tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia.

Maana tazama yaliyofuata. Likizo, Hadija yuko nyumbani, anamtaja matroni kuliko mvua. Matroni anapita vitandani kabla hawajalala, anawagusa nyayo, mwenye miguu ya baridi anapewa soksi. Mtu mzima anashika nyayo za watoto wa watu, anatafuta nini humo? Nikamwuliza Hadija, akasema, "Anatafuta nani anasikia baridi, mama." Aliposhikwa na malaria, matroni akalala naye hospitali, mimi nikaambiwa keshapona. Na wiki iliyopita uchungu ulipomwanza, unajua simu ya kwanza alimpigia nani? Mimi niko chumba cha pili. Chumba cha pili, mdogo wangu! Naisikia sauti ukutani, "Matroni, naogopa."

Mama fundi ameacha kuandika. Andika.

Jana baada ya kula nikajinyoosha kwenye mkeka. Nikasikia mtu ananishika mguu. Yeye! Akasema, "Mama Hadija, miguu yako ya baridi na joto lote hili. Umepimwa na daktari?" Nikamwambia miguu ni yangu. Akachukua soksi kwenye begi lake, akanivika, akaondoka. Nimezivaa mpaka sasa, lakini usimwambie mtu. Ni laini. Sijui kaweka nini.

Kwa hiyo mtoto ninaye mimi. Amelala hapa mapajani, tuko huku uani kwa fundi, na pale sebuleni wembe upo, maji yapo, shehe aliyekuja kusoma dua kanywa chai yake kaimaliza, na hakuna aliyethubutu kuja kumchukua. Mkwe wangu kaja mpaka mlangoni, kanitazama, karudi.

Msalimie kaka yetu mkubwa, mwambie dawa ya macho naitafuta. Msalimie wifi wa Mazinde akipanda huko juu, na shangazi yetu, mpigie kelele sikioni kwamba nimemsalimu. Jirani yangu anayenilishia kuku, mwambie nawajua kwa rangi, nikirudi nitawaangalia wote. Na usimwambie yeyote habari ya

Ngoja. Ni yeye anaita. "Mama Hadija! Njoo ukae hapa kwenye mkeka, umpakate. Mimi simnyoi mtoto asiyepakatwa na bibi yake. Tutakaa mpaka jioni kama unataka."

Umemsikia? Anataka nini mtu huyu? Shehe je, akae mpaka jioni?

Mama fundi, nipe mkono niinuke, polepole, asiamke. Nitampakata. Na khanga ya kupokelea nywele natandaza mimi, yangu, kwenye goti langu. Za Hadija ziliponyolewa sikuwepo. Hizi zitaniangukia mwenyewe.

Naenda.

Dada yako, Mama Hadija