Baba Mkwe Hawezi Kukohoa Chini ya Maji

Jumamosi jioni, mwezi wa kwanza. Tunduma.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Foleni ya malori imesimama kama kawaida yake, madereva wamejifungia ndani, na vijana wa bodaboda wamejikunyata chini ya mabati ya duka la jirani. Siku za namna hii huwa nakuja kuandika hapa manung'uniko yangu. Leo sina nung'uniko hata moja.

Leo nimeletewa kuku.

Amekuja na gari la Ileje, akashushwa stendi, akapakizwa kwenye bodaboda, akafika dukani kwangu akiwa na kitambaa cheupe mguuni na hasira zake zote. Mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, aliyekuwa anachagua vitenge, akampima uzito kwa mkono na kuniuliza bei. Nikamwambia huyu hauzwi.

"Ba mayo," akaniita, yaani mama kwa lugha ya kwao, "sasa mbona unalia kwa ajili ya kuku?"

Sikuwa nimejua kwamba nalia.

Ngoja nieleze, maana anayepita hapa kwa mara ya kwanza atadhani nimechanganyikiwa. Mimi ni Mnyiha wa Iyula, binti wa shamba la kahawa, nimeolewa Ikinga kule Ileje, kwa Wandali. Tangu nimeingia kwenye familia ya mume wangu, sijawahi kumtazama baba mkwe usoni. Jina lake silitamki, na ndiyo maana hata hapa hulioni. Hatuli meza moja wala hatupeani mkono. Akiwa na neno nami hulipitisha kwa mtu mwingine, "Mwambieni mama Neema chumvi imezidi," na mimi niko nyuma ya ukuta nasikia kila kitu. Akiikaribia nyumba hukohoa akiwa bado mbali, ili nipate muda wa kujitoa njiani. Kikohozi chake nakijua kuliko ninavyoijua sauti yake.

Familia nyingi zimeshaacha mambo haya. Yeye hakuyaacha, na mimi sikuthubutu kumtangulia.

Kwa utaratibu wa nyumba yao, mzee mwenyewe ndiye anayeweza kuyaondoa. Humtumia mkwe kuku hai, aliyefungwa kitambaa cheupe. Mkwe humpika, humpelekea kwa mikono yake, na mzee hula mbele yake. Kuanzia hapo wanaonana kama watu. Mke wa kaka mkubwa wa Lusekelo, mume wangu, alipata kuku wake zamani sana. Mimi nilisubiri mpaka nikaacha kusubiri. Nilishajiambia kwamba mzee hanipendi, kwamba alitaka mkwe wa milimani kwao, si huyu wa Iyula. Hilo sikumwambia hata Lusekelo.

Sasa turudi kwenye ile safari yetu ya meli ya mwaka jana, ambayo niliahidi kuiandika na sikuiandika. Hii ndiyo sababu.

Wifi yangu Atupele ni nesi, anafanya kazi nje. Mwaka jana aliamua kuwashukuru wazazi wake, akatukatia sote tiketi za meli ya utalii: kupanda Dar, kwenda Unguja, Pemba, Mafia, na kurudi. Mambo ya kulala melini na kuamka kisiwa kingine. Watu wa Ikinga walidhani tunatania.

Atupele aliwaza kila kitu isipokuwa ujia wa vyumbani. Ule ujia ni mwembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Mzee alikuwa akifungua mlango wake anakohoa, mimi narudi ndani. Akifika kwenye kona anakohoa, mimi nageuka. Siku moja nilijificha kwenye chumba cha kuwekea mataulo, mhudumu akanikuta humo, akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Wageni wengine waliamini yule babu ana kifua kibaya, na mama mmoja alimletea tangawizi.

Usinicheke. Nilicheka mwenyewe baadaye.

Binti yangu Neema, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Alikuwa amelipanga tangu Tunduma, anatuonyesha picha za samaki wakati wa chakula. Melini kulikuwa na mwalimu wa kuzamia, Haji, kijana wa Pemba mwenye maneno laini, na alitupangia familia nzima kila mtu na chake. Mama mkwe, ambaye hata beseni likijaa sana humtia wasiwasi, alipata boti yenye kioo chini, aone samaki akiwa amekaa kitako. Atupele alichukua miwani na mrija, aelee juujuu. Waliobaki walijifunza kwanza kwenye bwawa la melini: kupumua kwa mdomo, kubana pua na kusukuma hewa ili masikio yafunguke, kutoa maji yakiingia kwenye miwani. Aliyefaulu angeshuka baharini na mwalimu, kina kifupi, bila kuhitaji cheti. Watoto kuanzia miaka kumi wanaruhusiwa, ila mzazi awe majini naye. Haji alituuliza pia tunaruka lini kurudi Songwe, maana ukitoka kuzamia hupandi ndege siku hiyohiyo. Kwa hiyo ikawa Mafia, kabla ya siku ya mwisho.

Mzazi wa kushuka alikuwa Lusekelo. Mume wangu ni wakala wa forodha, mtu anayebishana na madereva wa malori kutwa nzima bila kukauka koo, lakini kiyoyozi cha melini kilimwangusha kwa usiku mmoja. Mafua, pua imeziba. Haji alimtazama tu, akasema mwenye mafua hashuki, masikio yatamuumiza.

Nikabaki mimi. Nilikuwa nimefaulu bwawani, kwa shida lakini nilifaulu. Tatizo ni kwamba hakuna anayeshuka bila mwenzake. Haji angemshika Neema, msaidizi wake angefuata nyuma, na mimi nilihitaji mtu wa kushikana naye mkono.

Na mtu mwingine pekee aliyefaulu alikuwa baba mkwe.

Ndiyo. Mzee wa Ikinga, mkulima, mwenye mvi, alifanya mazoezi yake saa nyingine ili tusikutane bwawani, daktari wa meli akampima kifua na moyo akamruhusu. Nilisikia watu wakisema ana pumzi kuliko vijana.

Asubuhi ile tulisimama nyuma ya boti, mimi nimeupa mgongo upande wake, yeye ameupa mgongo upande wangu, tumevaa zile nguo za mpira zinazobana mwili. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Haji akaniuliza, kama anavyomuuliza kila mtu kabla ya kushuka, "Mwenzio nani? Nitajie jina lake." Nikajifanya nakaza mkanda wa mtungi. Akauliza tena. Neema akamtaja yeye, kisha akamweleza kwa kirefu kwa nini mimi silitamki, mpaka nikatamani kuruka majini hivyohivyo.

Haji alisikiliza, hakucheka. Akasema, "Bibie, adabu yenu naiheshimu. Ila mimi huko chini simtambui mkwe. Namtambua mwenzio tu. Kama hamuwezi, tusiende, wala si aibu."

Neema alianza kuvua mapezi ya miguuni, polepole, kama mtu mzima anayejua kwamba imeshindikana. Kwa kweli ningependa alie. Angelia ningejua la kufanya.

Kikohozi kikasikika nyuma yangu. Kisha ile sauti. "Neema, mwambie mama yako anipe mkono. Mimi nitatazama mbele."

Nikaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Ukashikwa. Mkono mgumu, wenye sugu za jembe kama wa baba yangu, na ulikuwa unatetemeka. Nilidhani anayetetemeka ni mimi peke yangu.

Tukashuka kwa kufuata kamba. Masikio yakaziba kama yanavyoziba gari likiteremka kutoka milima ya Ileje, nikabana pua, yakafunguka. Mbele yetu Neema alikuwa ameshikwa na Haji, miguu inapiga taratibu, na samaki wa manjano wakimpisha na kurudi. Nikamshukuru Mungu kwa maneno ambayo hayakuweza kutoka.

Halafu maji yakaingia kwenye miwani yangu. Kidogo, kisha mengi. Yote niliyojifunza bwawani yakanitoka. Nilitaka kitu kimoja tu, kupanda juu, na hicho ndicho Haji alichotukataza kuliko vyote: usikimbilie juu. Nilishaanza kupiga miguu. Ule mkono haukuniachia. Ukanivuta chini, ukanigeuza, na nikajikuta uso kwa uso na baba mkwe.

Majini hakuna kukohoa. Hakuna mtu wa kumtuma. Aliniangalia moja kwa moja, akagusa sehemu ya juu ya miwani yake, akainua kichwa, akapuliza kwa pua. Akarudia. Akasubiri. Nami nikagusa, nikainua, nikapuliza. Maji yakatoka, na nikaona.

Ana macho ya Neema. Yaleyale, makubwa, yenye kope ndefu kama za ndama. Nimemzaa mtoto, nimemlea miaka yote hii, sikujua macho yake ameyatoa wapi.

Mzee akaunganisha kidole gumba na cha shahada, ile alama ya kuuliza uko sawa. Nikamjibu kwa alama hiyohiyo. Tukabaki tumeshikana mikono mpaka mwisho, na hatukutazama mbele tu kama alivyoahidi.

Tulipopanda botini aligeuka upande wake, nami wangu. Akakohoa.

Jioni familia ilikaa kulijadili, maana jambo zito kama lile haliachwi hivihivi. Mama mkwe ndiye aliyeamua. "Mlionana wapi?" akaniuliza. Nikasema chini ya maji. "Basi hamjaonana," akasema. "Huko samaki ndiko wanakoishi, si watu. Mila za Ikinga hazifiki." Wote tukacheka kwa kutua mzigo. Mzee, ambaye alikuwa meza ya pembeni, hakusema ndiyo wala hapana.

Nilifurahi ile jioni. Nilisalimika, Neema kazamia, hakuna aliyevunja kitu. Lakini tulipokwenda Ikinga mwaka mpya, nikasikia kikohozi kikija kutoka migombani, nikachukua sufuria yangu na kuhamia nyuma ya jiko kama siku zote, na nikiwa pale moyo ukaniuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Kabla ya Mafia nilikuwa namkwepa mtu nisiyemjua. Sasa namjua. Nilijiuliza kama yeye amesahau, au kama amekubali kwamba hatukuonana.

Hicho ndicho kilichonifanya nisiiandike ile safari. Ningeiandikaje bila hilo?

Ndipo leo kuku.

Nilimpigia Lusekelo ofisini, nikamwambia kuna kuku hapa, ana kitambaa. Nikasikia malori nyuma yake. Kisha akasema baba yake alimpigia asubuhi na kumpa maneno ya kunifikishia, naye alikuwa anasubiri kuku afike kwanza. Mzee alisema hivi: "Mwambie mama Neema mimi nilimwona. Mama yenu aseme anavyotaka."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Sijui hata niyaweke wapi.

Neno la kukiri: nilipoteza miaka mingi kuamini kwamba hanipendi, na hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikiwa nyuma ya ukuta, kwa kusikiliza habari za chumvi. Huenda naye alikuwa upande wa pili anajitungia yake. Ule mkono uliotetemeka siusahau.

Namshukuru wifi yangu kwa tiketi. Namshukuru Haji, ambaye hatasoma hapa. Nayashukuru hata mafua ya mume wangu, na nimemwambia hivyo, hakufurahi. Zaidi ya wote namshukuru mzee mmoja wa Ikinga ambaye angeweza kujificha kwenye kauli ya mkewe, ikawa rahisi kwetu sote, na hakujificha.

Kuku yuko jikoni, amefungwa kwenye mguu wa kabati. Neema ameshampa jina na anataka tumfuge. Nimemweleza kwamba huyu ana safari yake, naye amekasirika, ila atakuja nami kubeba bakuli la pili.

Kesho tunapika na kuondoka mapema, barabara ikiruhusu. Nitaweka bakuli mezani, nitasimama mlangoni nikiwa nimekausha mikono. Bila shaka atakohoa akiwa bado migombani, mtu haachi mazoea ya miaka kwa siku moja.

Akikohoa, nitatoka nje kumpokea.